Atheteo, apodokimazo na wenzao: ni “kukataa” kupi?

Jiwe walilolikataa waashi. Musa waliyemkataa ndugu zake. Mzushi anayepaswa kukataliwa baada ya onyo la pili. Amri ya Mungu inayokataliwa ili mapokeo yashikwe. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile ya 1952, yote haya ni “kataa”. Katika Kiyunani ni vitenzi vinne tofauti: apodokimazo, arneomai, paraiteomai na atheteo. Ukiongeza na apotheomai na exoutheneo, unapata familia ya vitenzi sita ambavyo mhubiri, mwalimu wa Shule ya Jumapili au mfasiri wa lugha ya nyumbani analazimika kuvitofautisha kabla hajafungua kinywa.

Ulinganisho huu unamweka atheteo katikati, kwa sababu ndiye anayesumbua kuliko wote. Anatokea mara 16 katika Agano Jipya, na wafasiri wa 1952 walimpa maneno mengi kweli: kukataa, kukatalia, kupinga, kubatili, kubatilisha, kuacha, kudharau. Si uzembe. Kitenzi chenyewe kina upana huo. Lakini msomaji asiye na maandishi ya Kiyunani mkononi hawezi kujua kwamba “siibatili neema ya Mungu” ya Wagalatia 2:21 na “awakataaye ninyi anikataa mimi” ya Luka 10:16 zimetoka kwenye chungu kimoja.

Wengi wakifika hapa hukimbilia mzizi. Wanasema: *a-* ni “si”, na sehemu iliyobaki imetoka kwenye *tithemi*, “kuweka”, kwa hiyo maana ni “kutoweka”, au “kuondoa kilichowekwa”. Mzizi unasaidia kidogo, kisha unapotosha. Kuna njia iliyo salama zaidi, nayo haihitaji digrii: angalia mstari wenyewe umeweka nini kuwa kinyume cha kukataa. Kinyume cha atheteo ni kuthibitisha, kushika, kusikiliza, kupokea. Kinyume cha apodokimazo ni kuteua. Kinyume cha arneomai ni kukiri. Ukikipata kinyume, kazi ya kuchagua imekwisha kwa sehemu kubwa.

Atheteo: kukiondolea kitu nguvu kingali pale pale

Marko 7 ndipo pa kuanzia, maana hapo kitenzi kiko katikati ya ndugu zake. Mstari wa 8 unasema “mwaiacha amri ya Mungu”, na hiyo ni *aphiemi*, kuacha tu. Mstari wa 9 ndio wenye atheteo: “Mwaikataa amri ya Mungu mpate kuyashika mapokeo yenu.” Mstari wa 13 unafunga kwa *akyroo*: “mkilitangua neno la Mungu.” Kati ya hiyo mistari kuna kisa cha Korbani. Mtu ana baba na mama waliozeeka. Anawaambia: kile ambacho ningewasaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu, ni Korbani. Basi, amekwisha kufungua mlango wa kutokea. Amri ya kuwaheshimu wazazi haijachomwa moto wala kufutwa. Iko ndani ya gombo, inasomwa katika sinagogi, na yule mtu anaitikia amina. Ila kwake haimfungi tena.

Kitenzi kilikuwa na kazi hiyo hiyo nje ya Biblia. Katika mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyofukuliwa Misri, mikataba na hati za madeni hufutwa kwa maneno yanayoweka *athetesis* na *akyrosis* bega kwa bega, kama vile leo karani angeandika “imebatilishwa na kutanguliwa”. Mafunjo mengine ya namna hiyo yana mistari ya kalamu iliyokatiza katikati ya maandishi: hati ipo, unaweza kuisoma neno kwa neno, lakini huwezi kwenda nayo mahakamani. Na kule Aleksandria, katika karne ya pili kabla ya Kristo, Aristarchus aliyekuwa akihariri mashairi ya Homer, mshairi wa kale wa Wayunani, hakuukwangua mstari aliouona si wa mshairi. Aliuwekea alama pembeni, kistari kimoja cha mlalo, akauacha mahali pake. Kitendo hicho nacho kiliitwa athetesis.

Kiswahili kina neno linalokaribia sana, na wafasiri hawakulitumia hapa: kutengua. Rais anatengua uteuzi; Bunge linatengua kanuni; kuna mambo yanayotengua udhu. Mkuu wa wilaya aliyetenguliwa jana bado ana ile barua ya kuteuliwa kabatini, na saini ni ile ile. Kilichokwisha ni nguvu yake. Katika Wagalatia 3:15, ambapo Paulo anazungumza kama mwanasheria kuhusu agano la mwanadamu lililokwisha kuthibitika, “hapana mtu alibatilishaye” ni sahihi kabisa. Angesema “hapana mtu alikataaye” angekuwa amepoteza hoja, kwa sababu wosia unaweza kukataliwa na kila mtoto wa marehemu na bado ukasimama. Hali kadhalika Wagalatia 2:21. Paulo hasemi kwamba haichukii neema. Anasema haigeuzi kuwa karatasi isiyo na kazi, maana haki ikipatikana kwa sheria, msalaba umekuwa bure.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa makini. Kutengua kwa kweli kunahitaji mamlaka. Waebrania 7:18 inatumia nomino *athetesis* kwa amri ya kwanza iliyobatilika, na 9:26 kwa dhambi iliyoondolewa kwa dhabihu. Katika yote mawili mtendaji anao uwezo, na kitu kinatenguka kweli. Mafarisayo wa Marko 7 hawana uwezo huo. Wanaitendea amri *kana kwamba* imetenguliwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, jiulize: huyu anayekataa ana madaraka juu ya anachokikataa? Akiwa nayo, “batilisha” au “tengua” yanatosha. Asipokuwa nayo, “kutotambua”, “kupuuza kama si sheria”, au ile ya magazeti yetu ya habari za mahakama, “kutupilia mbali”, yanasema vizuri zaidi, kwa sababu msomaji haachiwi wazo kwamba amri ya Mungu ilikufa kwa sababu watu wameipuuza.

Je, kitendwa kikiwa ni mtu? Huwezi kumtengua mtu asiye na cheo, na ndiyo maana Luka 10:16 ni pagumu. Kitenzi kinatokea mara nne katika mstari mmoja: awakataaye ninyi, anikataa mimi, anikataaye mimi, amkataa aliyenituma. Tazama kinyume chake mwanzoni mwa mstari: “awasikilizaye”. Na tazama waliotajwa: ni wale sabini, wametumwa wawili wawili, hawana mfuko wala viatu. Wanachobeba ni utume peke yake. Kumkataa mtu wa namna hiyo si kumchukia sura; ni kusema sikutambui, huyo unayedai kamtuma sina habari naye. Walimu wa Kiyahudi walikuwa na kanuni kwamba mtu aliyetumwa ni kama yule aliyemtuma, na sisi tunasema mjumbe hauawi. Hanuni mfalme wa Amoni alilipuuza hilo katika 2 Samweli 10: akawanyoa wajumbe wa Daudi nusu ya ndevu, akawakatia nguo zao katikati. Hakumgusa Daudi hata kidole, lakini vita ilikuja kwa jina la Daudi. Kwa hiyo katika Luka 10:16 mimi ningeacha “kataa” kama lilivyo, kisha kwenye kufundisha ningeeleza kwamba ni kukataa utume. Vivyo hivyo 1 Wathesalonike 4:8, “anayekataa hakatai mwanadamu bali Mungu”: kwenye “anayekataa” Kiyunani hakitaji kitu kinachokataliwa, ila mstari wa 2 umekwisha kutaja maagizo waliyopewa kwa Bwana Yesu, na mada ni uasherati. Mtu anayetoka kanisani akisema “hayo ni maoni ya Paulo” ndiye anayelengwa.

Apodokimazo: kukataa baada ya kukagua

Hapa mambo ni mepesi zaidi. *Dokimazo* ni kupima, kujaribu, kuthibitisha kwa jaribio. *Apo* inageuza matokeo. Kitenzi kinatokea mara tisa katika Agano Jipya, na sehemu kubwa inazunguka jiwe la Zaburi 118:22. Fikiria fundi anayegonga jiwe kwa nyundo ndogo asikie mlio, analigeuza, anapima pembe, kisha analisukuma kwa mguu kwenye rundo la vifusi. Halichukii jiwe. Ametoa hukumu ya kitaalamu: halifai.

Waathene walikuwa na neno hilo serikalini. Mtu aliyepata cheo, hata kwa kura ya bahati nasibu, alipita kwanza kwenye *dokimasia*. Aliulizwa baba yake ni nani na wa mtaa gani, mama yake ni binti ya nani, makaburi ya ukoo yako wapi, kama anawatendea wema wazazi wake, kama analipa kodi, kama amekwenda vitani alipotakiwa. Aliyeshindwa alikuwa amekataliwa kwa kitenzi hiki hiki. Na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kiyunani, katika Yeremia 6:30 inakitumia kwa fedha ambayo mfua fedha ameiyeyusha na kuona haitakasiki.

Sasa rudi Marko 8:31. Mwana wa Adamu atakataliwa na wazee, wakuu wa makuhani na waandishi. Hao ndio Baraza, watu ambao kazi yao halali ilikuwa kupima walimu na manabii. Makundi hayo matatu yanatokea tena Marko 11:27, yakimuuliza kwa mamlaka gani anatenda hayo. Huo ndio ukaguzi. Aya chache baadaye, 12:10, Yesu anawasomea jiwe. Uchungu wa kitenzi uko hapo: hakukataliwa na wahuni wa njiani bali na mafundi wenye leseni. Ukifasiri kwa “kuchukiwa” au “kudharauliwa” umeutoa nje uchungu huo.

Petro anatupa kinyume chake waziwazi katika 1 Petro 2:4: lililokataliwa na wanadamu, “bali kwa Mungu ni teule, lenye heshima”. Wakaguzi wawili, jiwe moja, matokeo mawili. Kwa Kiswahili “kataa” inatosha, na anayefundisha anaweza kuongeza “baada ya kulikagua”. Ndugu yake *adokimos* ndiye yule wa 1 Wakorintho 9:27, “mtu wa kukataliwa”, ambapo Paulo anazungumza lugha ya uwanja wa michezo. Wengi husikia hapo sauti ya Mungu anayemtupa mtu kwa ghafla. Paulo anazungumza habari ya kushindwa kufuzu.

Ukiwaweka wawili hao bega kwa bega

Atheteo hutazama kitu kilichokwisha kuwekwa: sheria, agano, kiapo, ujumbe, mamlaka. Apodokimazo hutazama kitu kinachoomba kuwekwa: jiwe, mgombea, fedha, Masihi. Wa kwanza anavunja wajibu. Wa pili anatoa hukumu, pengine ya makosa. Ndiyo maana atheteo mara nyingi huwa ni kosa la uaminifu. Katika Isaya 1:2 ya Septuaginta, Mungu analalamika kwamba amezaa wana na kuwalea nao *ethetesan* yeye, ambalo ni umbo la atheteo. Union Version, ikifuata Kiebrania, inasema wamemwasi. Mwana hawezi “kumkagua na kumkataa” baba. Anaweza kujifanya hana baba.

Wengine wanne, kwa ufupi

Arneomai ni kukana, na Kiswahili hakihitaji msaada hapa: mshtakiwa alikana shtaka, Petro alimkana Bwana. Kinywa ndicho kinachotenda, na kinyume chake ni kukiri (Mathayo 10:32-33). Tatizo ni pale Biblia yetu inapobadili kuwa “kataa”, kama Matendo 7:35, Musa waliyemkataa *wakisema*, ni nani aliyekuweka kuwa mkuu? Hapo “waliyemkana” lingekaa vizuri pia.

Apotheomai ni kusukuma kwa mkono, na wafasiri wa 1952 wanastahili pongezi, maana wameshika “sukumia mbali” karibu kila mahali: yule aliyemdhulumu mwenzake akimsukumia mbali Musa (Matendo 7:27), Wayahudi wa Antiokia ya Pisidia wakilisukumia mbali neno (13:46), na swali la Warumi 11:1, “Je! Mungu amewasukumia mbali watu wake? Hasha!” Usibadilishe. Anayehubiri Warumi 11 akisema “Mungu amewakataa Israeli?” amepoteza picha ya mkono, na mkono ndio unaojibiwa na ule wa 10:21, Mungu aliyenyosha mikono yake mchana kutwa.

Exoutheneo ni kumhesabu mtu si kitu: kudharau. Huyu ndiye wa Herode na askari wake katika Luka 23:11.

Paraiteomai ni mpole kuliko wote. Ni kuomba radhi, kutoa udhuru, kujitoa. Wale walioalikwa karamuni katika Luka 14 “wakaanza wote kutoa udhuru”: mmoja shamba, mmoja ng'ombe. Paulo mbele ya Festo anasema hakatai kufa (Matendo 25:11), yaani haombi kuepushwa. Kwa hiyo Tito 3:10, mzushi “mkatae”, isisomwe kama amri ya kumfukuza kwa fimbo. Ni kujitenga na mabishano yake baada ya kumwonya mara mbili, na “jiepushe naye” ingekuwa karibu zaidi na kitenzi.

Mahali ambapo kuchagua kunauma

*Luka 7:30.* “Mafarisayo na wana-sheria walilipinga shauri la Mungu juu yao.” Kitenzi ni atheteo. Kupinga kwa Kiswahili cha leo kuna kelele: maandamano, hoja, rufaa. Luka hasemi walipiga kelele. Sababu anayoitoa ni kwamba hawakubatizwa na Yohana. Yaani hawakushuka mtoni, basi. Shauri la Mungu lilibaki limesimama kwa watoza ushuru walioshuka. Mimi ningechagua “walilitupilia mbali shauri la Mungu kwa upande wao”.

*Waebrania 10:28.* “Mtu aliyeidharau sheria ya Musa hufa pasipo huruma.” Hili lina madhara ya kichungaji, kwani limewatisha watu wengi ambao dhambi yao ilikuwa kuteleza. Mashahidi wawili au watatu wanatupeleka Kumbukumbu la Torati 17, na kosa la pale ni kulivunja agano kwa kwenda kuabudu miungu mingine. “Kudharau” ni hisia. Anayezungumziwa hapa ametoka ndani ya agano na kutangaza kwamba halimhusu. “Aliyeikana sheria” au “aliyejitoa chini ya sheria” yangemlinda msomaji mnyonge.

*Marko 6:26.* Herode “hakutaka kumkatalia” binti wa Herodia. Si kosa, lakini mstari wenyewe umetaja viapo na waalikwa. Ameapa mbele ya wakubwa wa Galilaya kwamba atampa hata nusu ya ufalme. Atheteo hapa ni kumvunjia ahadi. Angekuwa anakataa ombi la kawaida, angesema hapana na karamu ikaendelea.

*1 Timotheo 5:11-12.* Hapa vitenzi viwili vimekaa jirani na vyote vinaelekea kuwa “kukataa”. Wajane vijana “uwakatae” ni paraiteomai: usiwaandikishe kwenye orodha ya wanaotunzwa na kanisa. Hakuna dharau. Kisha wao “wameiacha imani yao ya kwanza”, na hiyo ni atheteo pamoja na *pistis*, “imani” au “uaminifu”. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba wameacha Ukristo kwa sababu wameolewa, na wajane wengi wamesomewa mstari huo kwa sauti ya hukumu. Lakini waandishi wa Kiyunani kama Polybius hutumia maneno hayo mawili kwa pamoja kumaanisha kuvunja neno la uaminifu, ahadi iliyowekwa. Mjane aliyeandikishwa alikuwa ameahidi kitu, na kuolewa tena kuliitengua ahadi hiyo. Na mstari wa 14 unamaliza ubishi, kwa kuwa Paulo huyo huyo anataka wajane vijana waolewe, wazae watoto, wawe na madaraka ya nyumbani. Chagua “ahadi yao ya kwanza”.

*Matendo 4:11.* Petro anasimama mbele ya Baraza lile lile na kuwasomea Zaburi 118, lakini anabadilisha kitenzi. Badala ya apodokimazo anasema exoutheneo, na Biblia yetu imefuata vizuri: “jiwe lile lililodharauliwa na ninyi waashi”. Ukiwa unaandaa somo la jiwe la pembeni, usilainishe tofauti hiyo ili mistari ifanane. Katika Injili wakaguzi wanapewa heshima ya kuwa wakaguzi. Petro, aliyeshinda usiku kucha mahabusu kwa sababu ya kiwete aliyeponywa, hawapi tena heshima hiyo.